Bawaba ya DNA: jinsi ya kuchora umbo la nanomita linalofunga na kufunguka

Ukienda Keko kuagiza mlango, fundi haanzi na urefu. Anaanza na "Unafungukia wapi?" Mara ya kwanza nilikwenda na karatasi yenye vipimo vyote hadi milimita, nikamwamkia mzee shikamoo, nikamkabidhi. Akaitikia marahaba, akaiweka karatasi juu ya meza ya kurandia bila kuitazama. "Vipimo tutaviona, mwanangu. Bawaba zinakaa upande gani?" Sikuwa na jibu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na mlango mwingine kwenye kompyuta, wenye ubao wa nanomita 64 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kosa lilikuwa lilelile. Nilikuwa nimechora mbao mbili nzuri, halafu ndiyo nikaanza kujiuliza zitajikunjaje. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio wa fundi wa Keko, yaani mwendo kwanza na mbao baadaye. Sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanyia hapahapa Dar es Salaam, chumbani kwako Sinza au Mbagala, kwa kompyuta ya kawaida na bando la kawaida. Maabara inakuja mwishoni.

Unachohitaji kujua kabla hujagusa kompyuta

DNA ni uzi ulioandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, ziitwazo besi. A hushika T na G hushika C. Ukiwa na uzi mmoja mrefu, unaweza kutunga nyuzi fupi ambazo kila mmoja unashika sehemu mbili au tatu za ule mrefu zilizo mbali na kuzivuta zikae pamoja. Ukiweka nyuzi fupi za kutosha, uzi mrefu wote unajikunja ukawa umbo ulilolitaka. Mwanasayansi Ned Seeman alikuwa ameshatoa wazo la kujengea DNA tangu 1982, lakini njia hii ya uzi mrefu na nyuzi fupi ilionyeshwa na Paul Rothemund wa chuo cha Caltech, Marekani, mwaka 2006. Alikunja nyota, pembetatu na hata uso unaotabasamu. Wenyewe huiita origami, kwa jina la sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi.

Hapa nitauita uzi mrefu *uzi mama*, na zile fupi *vishikizo*. Uzi mama hatuutungi sisi. Unatoka kwa M13, kirusi kinachoshambulia bakteria, na aina inayotumika zaidi ni duara lenye besi 7,249.

Namba za kukariri ni chache. Jozi moja ya besi inachukua nanomita 0.34 za urefu. Msokoto wa nyuzi mbili una unene wa nanomita 2 hivi, na unazunguka mara moja kila jozi 10.5. Msokoto huo ni mgumu, unaanza kupinda kwa kuonekana ukifika nanomita 50 hivi. Uzi mpweke usio na mwenzake unalegea kama uzi wa cherehani. Kazi yote ya bawaba inategemea tofauti hiyo ya ugumu na ulegevu, ndiyo maana nimeitaja kabla ya programu yoyote.

Hatua ya 1: Chora mwendo kwa penseli

Chukua karatasi. Chora mistari miwili inayokutana, kisha jibu maswali matatu. Ikiwa wazi, mbao zinafanya pembe ya nyuzi ngapi? Ikifungwa, uso upi unakutana na upi? Nani anaifungua?

Kwa mfano wetu, bawaba ikiwa wazi inaweza kulala bapa kabisa, ikifungwa nyuso za chini zinakutana, na inafunguliwa na uzi mfupi wa DNA tutakaouita ufunguo.

Usianze na roboti ya kupeleka dawa kwenye saratani. Najua ndiyo iliyokuvutia, hata mimi ndiyo iliyonivutia. Lakini ndani ya damu kuna vimeng'enya vinavyokata DNA, na magnesiamu ni kidogo kuliko umbo lako linavyotaka. Matatizo hayo ni ya baadaye, na hutayatatua kama bado hujui kwa nini bawaba yako imeganda.

Hatua ya 2: Gawa uzi mama kama kitambaa

Una besi 7,249, hakuna nyongeza. Fundi cherehani anapima kitambaa kabla ya kukata, na wewe fanya hivyohivyo.

Tutatumia mpangilio wa sega la nyuki, ambamo kila msokoto una majirani watatu. Kila besi 7 msokoto unamgeukia jirani mwingine, na ukifika besi 21 umeshawagusa wote watatu. Kwa hiyo urefu wa ubao uwe kizidisho cha 21. (Kuna mpangilio wa mraba pia, rahisi kuuchora, lakini unalazimisha mzunguko wa jozi 10.67 badala ya 10.5, na ubao unatoka umejipinda kama mbao mbichi iliyoachwa juani.)

Kila ubao uwe na misokoto 18, mistari mitatu ya sita sita, yenye besi 189, yaani 21 mara 9. Urefu wake ni 189 × 0.34, nanomita 64. Ubao mmoja unakula besi 3,402, miwili inakula 6,804. Zinabaki 445.

Hizo 445 ndizo bawaba yenyewe, pamoja na pindo za kando. Ngoja tuzitumie.

Hatua ya 3: Kiungo

Mbao mbili zinaunganishwa na uzi mama peke yake, ukiwa mpweke, bila kishikizo. Mstari wa chini wa kila ubao una misokoto sita, na uzi mama unavuka kupitia yote sita. Namba ya mavuko lazima iwe shufwa, kwa sababu uzi mama ni duara na kila unapokwenda lazima urudi.

Mstari wa sega haujanyooka, unakwenda zigizaga. Misokoto mitatu iko chini kabisa, na mitatu iko juu kidogo. Ile ya chini ndiyo mhimili, kwa hiyo ipe uzi mfupi, besi 2 kila mmoja. Ile ya juu kidogo inahitaji nafasi ya kuzunguka mhimili, kwa hiyo ipe besi 6 kila mmoja. Besi moja ya uzi mpweke ikinyooshwa inafika nanomita 0.6 na kidogo, hivyo 6 zinatosha. Jumla ni 24. Ukiwapa wote sita uzi mrefu, bawaba itacheza kama ya mlango wa choo cha stendi. Ukiwapa wote ufupi, haitakunja.

Zimebaki 421. Sasa hesabu sehemu ambazo uzi mama unageuka kutoka msokoto mmoja kwenda jirani yake. Kwenye ncha za nje kuna misokoto 18, inayogeuka wawili wawili, basi mageuzi 9 kila ubao. Kwenye ncha za ndani kuna misokoto 12 isiyovuka, basi mageuzi 6. Mbao mbili zina mageuzi 30. Kila moja liachie kitanzi cha besi 14 zisizoshikwa na kitu: 420. Inabaki besi moja, itupe kwenye kitanzi chochote.

Vitanzi si mapambo. Misokoto iliyokatwa bapa ina tabia ya kugandana ncha kwa ncha, na bila vitanzi bawaba zako zitajipanga foleni kama daladala Mwenge saa moja asubuhi. Utaona bendi za ajabu kwenye jeli (mistari inayojitokeza umeme unapoivuta DNA ndani ya jeli ili kutenganisha maumbo) na utalaumu kila kitu isipokuwa ncha.

Ukitaka bawaba isimame kwenye pembe fulani, weka kijiti cha msokoto wa DNA, kama kile cha chuma kinachoshikilia boneti ya gari. Chagua nukta kwenye kila ubao, nanomita 10 kutoka kwenye mhimili, uso wa chini. Kwa pembe ya nyuzi 90 umbali kati ya nukta hizo ni 14.1. Jozi 42 za besi zina urefu wa 14.3. Kwa nyuzi 60 umbali ni 10, na jozi 30 zinakupa 10.2. Kijiti kifupi hivyo hakipindi, kiko mbali sana na nanomita 50. Kijiti si lazima kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 4: Vishikizo

Fungua caDNAno, programu ya kuchorea maumbo ya DNA, ni ya bure. Upande mmoja unabofya misokoto kwenye sega, upande wa pili unavuta urefu wake na kuunganisha uzi mama. Ukiwa kwenye kompyuta ya kuazima usiyoruhusiwa kusakinisha kitu, scadnano inafanya kazi ndani ya kivinjari na inasoma faili la caDNAno.

Programu itakuwekea vishikizo yenyewe, halafu wewe unavikata. Vingi viwe na besi 42 hivi. Kwa besi 6,804 unapata vishikizo 162. Kila kimoja kiwe na angalau sehemu moja ndefu, besi 14 mfululizo mahali pamoja, ili kipate pa kushika mapema wakati mchanganyiko unapoa.

Halafu fanya jambo ambalo programu haitakufanyia. Pitia kiungo kwa jicho, msokoto kwa msokoto, uhakikishe hakuna kishikizo kilichoanzia ubao wa kushoto kikaishia wa kulia. Kimoja tu kinatosha kuigundisha bawaba. Programu haioni kosa hapo, kwa sababu kwake mstari ni mstari.

Hatua ya 5: Komeo na ufunguo

Komeo la mlango linakaa mbali na bawaba, na hapa ni hivyo pia. Chagua vishikizo karibu na ncha ya nje ya kila ubao, vinavyotokea *uso wa chini*. Msokoto unazunguka, kwa hiyo ukisogea besi tatu nne kishikizo kinatokea upande mwingine kabisa, na komeo litaning'inia nje ya mlango.

Kishikizo cha ubao wa kushoto kiongezee mkia A, cha ubao wa kulia mkia B. A ina sehemu mbili: besi 8 za mwanzo ni kishiko cha ufunguo, na 16 zinazofuata zinashikana na B. Mfano:

A: ACTCATAC GTCTAGGATTCACTGA
B: TCAGTGAATCCTAGAC

Mikia inaposhikana, bawaba inafungwa, na zile besi 8 za A zinabaki zinaelea bila mwenzake. Ufunguo ni uzi unaoshikana na A yote:

TCAGTGAATCCTAGAC GTATGAGT

Ufunguo unatua kwanza kwenye zile besi 8, kisha unasonga mbele besi kwa besi, ukimsukuma B hadi aachie. Kishiko cha besi 2 au 3 kinafungua polepole mno. Kila besi unayoongeza inaharakisha kazi mara nyingi, mpaka kishiko kifike besi 6 au 7, baada ya hapo kasi haiongezeki tena. Kwa hiyo 8 zinatosha, na 15 ni kupoteza fedha.

Sasa angalia upande wa kusoma. Uzi wa DNA una mwelekeo, kutoka ncha ya 5 hadi ncha ya 3, na nyuzi mbili zinaposhikana zinaelekeana kinyume. B si A iliyobadilishwa herufi kwa herufi. Ni lazima uibadilishe halafu uisome kutoka nyuma. Mimi nilibadilisha herufi, nikasahau kugeuza. Oda ikaenda, mzigo ukakwama njiani wiki kadhaa, ukafika, nikakunja, nikaweka ufunguo, nikangoja. Bawaba zangu zilikuwa wazi tangu mwanzo na zikabaki wazi, na kwa siku mbili nilijipongeza kwamba zinafunguka. Siku hizi kila jozi naiandika kwenye karatasi, moja juu ya nyingine kwa mwelekeo wa kupingana, na kuigusa kwa kalamu herufi moja moja.

Jambo la ncha pia linaamua ubanaji. A itokee ncha ya 5 ya kishikizo chake, B itokee ncha ya 3 ya kishikizo chake. Hapo mikia inafungana kama zipu kuanzia kwenye mbao, na mbao zinakaribiana. Ukikosea moja, msokoto wa jozi 16 unakaa katikati kama gogo na kuziacha mbao na mwanya wa nanomita 5 na zaidi.

Weka makomeo mawili yenye mikia ileile, ili ufunguo mmoja ufungue yote. Ufunguo nao uongezee mkia wa besi 8 mwishoni, zisizofanana na chochote kingine. Hicho ndicho kishiko cha kuuondolea: uzi wa besi 32 unaoshikana na ufunguo mzima utaung'oa kutoka kwa A, na komeo litajifunga tena. Mbinu hii ilionyeshwa na Bernard Yurke na wenzake mwaka 2000, kwa kibano kidogo cha DNA, miaka sita kabla ya origami. Mwaka 2009 watafiti wa Aarhus, Denmark, wakaitumia kufungulia kifuniko cha sanduku la DNA.

Hatua ya 6: Itikise kwenye kompyuta

Geuza faili liwe la oxDNA, programu inayoigiza mwendo wa DNA besi kwa besi. Ipo ya kutumia mtandaoni, huhitaji mashine kubwa. Pakia usiku, bando likiwa rahisi, asubuhi utazame. Unachotafuta si uzuri wa picha. Pima pembe kati ya mbao mbili katika picha nyingi zilizofuatana. Pembe ikihamahama, bawaba iko hai. Ikitulia mahali pamoja, rudi hatua ya 4 ukatafute kishikizo kilichovuka.

Hatua ya 7: Oda

Jedwali la vishikizo ligawe kwa rangi. Za mbao kijani, za ncha bluu, za komeo njano. Za njano ziko nne tu kati ya 162, na ukitaka komeo jipya utaagiza hizo nne peke yake. Vishikizo vyote vinaenea kwenye sahani mbili za vishimo 96. Agiza vilivyokaushwa, kwa sababu DNA kavu inavumilia safari na joto la hapa, iliyoyeyushwa inataka friza. Daraja la kawaida la usafishaji wa DNA linatosha.

Uzi mama unauzwa wa aina kadhaa: 7,249, 7,560, 8,064. Hakikisha uliounua ndio uliouchorea.

Hatua ya 8: Kukunja

Uzi mama nanomola 20 kwa lita, kila kishikizo nanomola 200 kwa lita, kwenye bafa (maji yanayotuliza kiwango cha asidi) ya Tris na EDTA. Kisha magnesiamu. DNA ina chaji hasi kila mahali, na misokoto 18 haikubali kubanana bila kitu cha kuituliza. Jaribu mirija sita, milimola 10, 12, 14, 16, 18 na 20 kwa lita, uone upi unakunja vizuri.

Kloridi ya magnesiamu inanyonya unyevu, na hewa ya Dar ina unyevu wa kugawa. Chupa ikifunguliwa mara tano Machi, unachopima kwenye mizani ni chumvi na maji ya bahari ya Hindi. Nunua ambayo imeshayeyushwa kwa kipimo kinachojulikana.

Weka kwenye mashine ya PCR, inayopandisha na kushusha joto la mirija kwa vipimo, nyuzijoto 65 kwa dakika 15, kisha shusha polepole kutoka 60 hadi 40 kwa saa kumi na kitu. Umeme ukikatika katikati, umeanza upya. UPS inasaidia, lakini kuna njia bora. Mwaka 2012 maabara ya Hendrik Dietz, Ujerumani, ilionyesha kwamba maumbo mengi hujikunja kwa haraka ukiyashikilia kwenye joto moja linalofaa. Kwa hiyo tumia siku moja kutafuta joto hilo, mirija minane kila mmoja na joto lake kati ya 45 na 60. Ukilipata, mkunjo wa usiku mzima unaweza kuwa wa saa moja au mbili, na saa mbili za umeme mfululizo zinapatikana.

Pitisha kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 2, yenye milimola 11 za magnesiamu kwa lita ndani ya jeli na ndani ya bafa. Umeme ukipita, jeli yenye magnesiamu inapata moto, kwa hiyo izungushie barafu. Bendi moja nyembamba na kali ni dalili njema. Ukungu mrefu ni mkunjo mbaya.

Hatua ya 9: Je, inafunguka?

Hadubini ya elektroni itakuonyesha picha, lakini picha ni ya bawaba iliyokauka na kulala. Kwa mwendo tumia rangi mbili zinazong'aa, moja kila ubao, zikitazamana karibu na komeo. Zikiwa umbali wa nanomita chache, ya kwanza inaipa ya pili nguvu yake na ya pili inang'aa. Zikiachana zaidi ya nanomita 10, hakuna kinachopita. Bawaba ikifunguka nyuzi 90 tu, ncha zinaachana nanomita 90. Mashine ya PCR inayosoma mwanga, ileile ya kupimia wingi wa virusi, inaweza kusoma hili.

Andaa mirija mitatu. Wa kwanza weka ufunguo, wa pili ufunguo wa uongo wenye urefu uleule na herufi zilizovurugwa, wa tatu maji ya bafa. Mwanga wa rangi ya pili ushuke kwenye wa kwanza peke yake. Ukishuka kwenye yote mitatu, umeichanganya bafa vibaya na magnesiamu imepungua. Usiposhuka popote, chukua kalamu urudi kwa A na B.

Ikifunguka, weka kiondoa-ufunguo uone ikijifunga, kisha rudia. Kila mzunguko unaacha takataka, ufunguo na kiondoa-ufunguo vilivyokumbatiana, na kila tone unaloongeza linapunguza ukali wa mchanganyiko. Baada ya mizunguko kadhaa ishara inafifia hata kama bawaba ni nzima. Chora mstari wa mwanga kwa kila mzunguko kwenye karatasi moja, ugawanye kwa ujazo uliopo wakati huo, kabla hujasema imechoka.